"Baba Anaumwa, Njoo Nyumbani": Wajibu wa Vyuo Vikuu Mwanafunzi Anapofiwa au Kuugua

Katika sehemu nyingi za Mara, habari ya kifo haimwendei aliye mbali kwa jina lake. Kijana aliyeko masomoni Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza hupigiwa simu na kuambiwa, "Baba anaumwa kidogo, njoo nyumbani." Neno "kidogo" ndilo linalomtia hofu, kwa maana hakuna aitwaye kutoka mbali kwa ugonjwa mdogo. Hupanda basi akiwa nusu na tumaini, nusu na mashaka. Ukweli wote huujua akiwa bado barabarani, anapoona watu wengi wameketi nje ya nyumba yao na moto umewashwa uani.

Kwa mzaliwa wa Nyanungu, upande wa mashariki wa Tarime unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, safari hiyo ni ndefu. Kutoka Dar es Salaam hadi Tarime mjini ni zaidi ya kilomita 1,300, na baada ya hapo bado kuna barabara ya vumbi, au ya tope wakati wa masika. Muda wote huo msafiri hana wa kumuuliza. Akipiga simu nyumbani, wanaopokea humjibu kwa maneno mafupi, kisha humpa simu mwingine.

Wapo pia wasioitwa kabisa. Familia hukaa na kuamua kuwa kijana yuko katika mitihani, aachwe amalize. Baba huzikwa, wageni hutawanyika, na mtoto hufika likizoni akakuta kaburi limekwisha kuota majani. Nia ni njema, lakini jeraha linalobaki ni kubwa.

Makala haya yanashikilia hoja moja: habari ya msiba au ya ugonjwa mzito isimfikie mwanafunzi wala mtumishi wa chuo akiwa peke yake, na wajibu wa kuhakikisha hivyo si wa familia pekee, ni wa chuo. Vyuo vinavyofundisha tiba na uuguzi vina wajibu huo maradufu.

Kwa nini wazee huficha

Ni rahisi kuwalaumu wazee wa kijijini kwa kuficha. Lakini anayewasikiliza kwa makini atatambua kwamba wana sababu. Nyumbani, mtu hapewi habari nzito akiwa amesimama peke yake. Huitwa kando, shangazi hukaa upande mmoja na jirani upande wa pili, mzee mwenye ulimi wa taratibu hutangulia kuzungumza, na kabla neno lenyewe halijatamkwa tayari kuna mikono ya kumshika atakayeanguka. Baadaye watu hulala hapo msibani siku kadhaa, huku wengine wakichota maji na wengine wakichunga ng'ombe wa mfiwa. Wakurya wana ritongo, mkutano wa jamii ambamo jambo linalowagusa wote huzungumzwa na wote. Msiba nao huchukuliwa kwa namna hiyo: haumwangukii mtu mmoja.

Simu haina shangazi wala jirani. Mama wa Nyanungu anayefikiria kumweleza binti yake ukweli kwa simu hujiuliza maswali ya haki kabisa: ataipokea akiwa wapi? Akizimia, nani atamwinua? Akitoka usiku kwenda kituo cha mabasi, nani atakwenda naye? Kwa kuwa hamjui mtu yeyote chuoni, huchagua kuficha. Karatasi pekee yenye namba ya chuo iliyopo nyumbani aghalabu ni ile ya kulipia ada.

Kuficha huko, basi, ni dalili ya kukosekana kwa mtu wa kukabidhiwa habari upande wa pili. Mganga mwema hatibu dalili akaacha chanzo. Familia zikihimizwa kusema kweli pasipo kupewa mtu wa kuipokea kweli hiyo, zitaendelea kuficha, na si haki kuzishutumu.

Gharama ya kuficha

Hata hivyo, gharama yake haina budi kutajwa. Ya kwanza ni kuvunjika kwa imani. Kijana aliyedanganywa mara moja kwamba baba "anaumwa" hatatulia tena kila atakaposikia neno hilo. Mama atakapougua malaria ya kawaida, mtoto ataacha mtihani akimbilie nyumbani. Au kinyume chake, mama atakapougua kweli na kuhitaji damu, mtoto atadhani ni mwisho na kukata tamaa njiani.

Ya pili ni kukosa kuaga. Kushuhudia mazishi, kutupa udongo na kukaa na waombolezaji humsaidia mfiwa kukubali kilichotokea. Anayenyimwa nafasi hiyo hubaki na kifo kisicho na mwisho. Anajua kwa masikio, lakini hajashuhudia kwa macho. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika Januari 2022, unatambua hali ya majonzi ya muda mrefu: kumtamani marehemu kusikokoma, hatia, uchungu mkali na kushindwa kuendesha maisha ya kila siku, kwa muda usiopungua miezi 6 na kupita kiasi kinachokubalika katika mila za mhusika. Si kila mfiwa hufika huko. Wengi hupona kwa msaada wa jamaa na muda. Lakini chuo kinapaswa kumjua mapema yule anayeelekea huko, badala ya kumgundua pale anapofeli.

Ya tatu inawahusu wagonjwa walio hai. Wazazi wengi huwaficha watoto wao walioko vyuoni hata ugonjwa wenyewe. Mama hugunduliwa saratani ya mlango wa kizazi, akapewa rufaa kwenda Bugando au Taasisi ya Saratani Ocean Road, na mwanawe anayesomea udaktari au uuguzi haambiwi lolote, eti asivurugwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa maradhi humuumbua mgonjwa na mwanawe pia, kwa kuwa mtoto huyo angeweza kumweleza mama maana ya rufaa ile na umuhimu wa kuwahi, wakati kuwahi kungali na faida.

Chuo cha tiba na somo lake chenyewe

Kuna kinaya kinachostahili kutazamwa. Katika vyuo vya tiba, wanafunzi hufundishwa namna ya kumpa mgonjwa habari mbaya. Mfuatano unaotumiwa sana duniani, uliochapishwa mwaka 2000 na Walter Baile na wenzake, una hatua 6: kuandaa mahali na watu, kujua mgonjwa anaelewa nini tayari, kumwuliza angependa kuambiwa kiasi gani, kumweleza kwa maneno mepesi, kuipokea hisia yake, na kupanga naye hatua inayofuata. Mwanafunzi huulizwa mfuatano huo katika mtihani, na akiukosea hupoteza alama.

Kisha mwanafunzi huyohuyo hufiwa. Habari humkuta kwa ujumbe wa simu katikati ya mhadhara, au kwa picha ya marehemu iliyowekwa katika kundi la ukoo. Hakuna aliyeandaa mahali wala aliyeuliza anajua nini. Hatua inayofuata huipanga mwenyewe: kuandika barua ya ruhusa, kutafuta sahihi za ofisi tatu, na kukopa nauli. Kesho yake anatarajiwa wodini, akiwahudumia wagonjwa wenye ugonjwa uleule uliomwua mama yake.

Wapo wanaosema kwamba kazi ya hospitali ni ngumu na mwanafunzi hana budi kuzoea. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Kuzoea kuona vifo vya wengine ni sehemu ya taaluma. Kunyimwa nafasi ya kuomboleza wa kwako si sehemu ya taaluma yoyote. Muuguzi aliyefunzwa kumeza machozi yake ndiye baadaye humwambia mfiwa wa kitanda cha jirani, "Nyamaza, unasumbua wagonjwa." Namna chuo kinavyowatendea wafiwa wake ndiyo namna wahitimu wake watakavyowatendea wafiwa wa nchi nzima.

Siku 4 na kilomita 1,300

Kwa watumishi, sheria inasema jambo, ingawa ni dogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ilimpa mwajiriwa angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kaka au dada. Siku hizo 4 zilihesabiwa kwa mzunguko wote wa miezi 36, hata kama misiba ni zaidi ya mmoja. Za ziada zilitegemea idhini ya mwajiri na hazikuwa na malipo. Mtumishi wa Dar es Salaam mwenye asili ya Nyanungu humaliza siku 2 au zaidi njiani, kwenda na kurudi. Hubakiwa na siku za kuzika tu. Za kukaa na mama mjane hazipo.

Neno "angalau" katika sheria lina maana yake. Limeweka sakafu, halikuweka dari. Hakuna kinachokizuia chuo kikuu kuweka katika kanuni zake siku zinazolingana na umbali wa mfiwa, wala kuhesabu kila msiba peke yake.

Kwa ugonjwa wa mtumishi, sheria hiyohiyo iliweka siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mhadhiri mwenye figo zilizoshindwa kufanya kazi, anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki, kila mara takriban saa 4, hahitaji kulala kitandani miezi minne mfululizo. Anahitaji ratiba ya vipindi inayoziacha wazi siku zake za matibabu. Hilo halimgharimu mwajiri mshahara wa ziada. Linahitaji mkuu wa idara mwenye moyo na kanuni inayomruhusu.

Kwa mwanafunzi, mambo hutegemea kanuni za chuo chake. Vyuo vina mitihani maalumu kwa aliyezuiwa na sababu ya msingi, na vina utaratibu wa kuahirisha masomo. Ila milango hiyo hufunguliwa kwa karatasi, na karatasi hizo hudaiwa kwa mtu aliye katika hali mbaya kuliko zote za maisha yake. Tena, anayeahirisha mwaka kwa kawaida husimamishiwa fedha za kujikimu za mkopo kwa muda ambao hasomi. Hivyo wengi huchagua kukaa darasani wakiwa wagonjwa au wafiwa kuliko kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mfano ulio wazi ni wa wanafunzi wenye selimundu, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa, pamoja na Mara, inaujua vema. Maumivu yake huja ghafla na huondoka baada ya siku kadhaa. Mwanafunzi huyo haumwi vya kutosha kuahirisha mwaka, wala si mzima vya kutosha kuhudhuria kila kipindi. Kanuni inayojua hali mbili tu, ya mzima na ya aliyeahirisha, haina nafasi yake. Humwacha afukuzane na asilimia ya mahudhurio hadi ashindwe.

Siri ya mgonjwa aliye mwenzetu

Katika chuo cha tiba kuna tatizo moja ambalo vyuo vingine hawalijui. Mtumishi au mwanafunzi anapougua, hulazwa katika hospitali anamofanya kazi au kujifunzia. Anayepima damu yake ni rafiki. Anayesoma faili lake ni mwanafunzi wake. Msafara wa asubuhi unaozunguka vitanda una nyuso anazozifahamu zote. Kwa sababu hiyo wapo wanaosafiri mbali kutafuta tiba iliyopo hatua mia kutoka ofisini kwao, na wapo wanaochelewa hadi ugonjwa unakomaa.

Siri ya mgonjwa haipungui kwa kuwa mgonjwa ni mwenzetu, huongezeka uzito. Faili la mtumishi lisomwe na wanaomtibu tu. Aulizwe kabla wanafunzi hawajaletwa kitandani kwake, na jibu la "hapana" lisihitaji maelezo. Michango ya rambirambi au ya matibabu itangazwe kwa maneno aliyoyaridhia yeye au familia yake, bila kutaja jina la ugonjwa. Watu huchangia mtu, hawachangii utambuzi wa daktari.

Yanayowezekana

Majirani wa Afrika wameonyesha kwamba msaada wa namna hii hauhitaji majengo mapya. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wahudumu wa afya wa jamii kuketi na wenye msongo katika benchi nje ya zahanati, wakawasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Uganda, Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na huduma ya kumtuliza mgonjwa mahututi nyumbani kwake ikafundishwa kwa wauguzi na madaktari wa nchi nyingi, ikiwa pamoja na kukaa na familia baada ya kifo. Katika yote mawili, kilichotumika zaidi ni mtu aliyefunzwa na aliyepewa muda.

Kwa vyuo vya tiba vya Tanzania, hatua tano zingetosha kuanzia.

Kwanza, kila chuo kiwe na namba moja ya simu ya habari za msiba na ugonjwa, yenye mtu wa kuipokea usiku na mchana, na namba hiyo ichapishwe katika fomu ya kujiunga na kupelekwa kwa mzazi. Mama wa Nyanungu aweze kusema, "Mwanangu amefiwa na baba yake, naomba asiambiwe akiwa peke yake."

Pili, anayepokea simu hiyo amtafute mlezi wa mwanafunzi na rafiki mmoja aliyechaguliwa na mwanafunzi mwenyewe tangu mwaka wa kwanza. Habari itolewe kwa utulivu, kwa maneno ya wazi, katika chumba chenye mlango, kisha familia ipigiwe simu mbele yake ili asikie sauti ya nyumbani.

Tatu, kuwe na mfuko wa nauli ambao haungoji vikao. Wanafunzi huchangishana tayari, tena kwa moyo. Kinachokosekana ni fedha ya kuanzia saa ileile, itakayorejeshwa na michango.

Nne, chuo chenyewe kitafute uthibitisho kwa kumpigia mtendaji wa kijiji au kata, badala ya kumtuma mfiwa kukusanya mihuri. Wapo watakaosema kwamba wanafunzi watadanganya, kwamba kuna bibi waliokwisha "kufa" mara tatu. Udanganyifu huo upo, na simu moja kwa mtendaji huugundua upesi kuliko barua kumi. Haifai kuwaadhibu wafiwa wa kweli kwa ajili ya waongo wachache.

Tano, arudipo afuatiliwe: baada ya wiki 2, baada ya mwezi, na baada ya miezi 6. Asipangiwe mara moja katika wodi yenye ugonjwa uliomwua wa kwake, isipokuwa akiomba mwenyewe. Akionekana halali, hali, au anatamka kwamba afadhali angekufa yeye, apelekwe siku hiyohiyo kwa mtaalamu wa afya ya akili, na asiachwe peke yake njiani.

Familia na wagonjwa nao wana sehemu yao. Mgonjwa mwenye mtoto chuoni amwambie mapema kwamba anaumwa, anatibiwa wapi na nini kinatarajiwa. Mtoto aliyejiandaa huumia, lakini havunjiki kwa ghafla. Msiba ukitokea, atafutwe kwanza mtu wa karibu na mtoto, kisha neno lisemwe kama lilivyo: "Baba amefariki." Picha za marehemu zisiwekwe katika makundi ya simu kabla watoto wote hawajaambiwa. Wauguzi wanaotoa habari wodini wawaulize ndugu swali moja la ziada: "Kuna mtoto aliye masomoni? Nani atamwambia, na akiwa na nani?"

Mwaka 1942 alifariki Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, huko huko Mara. Mwaka uliofuata mwanawe Julius aliingia Makerere, akasomea ualimu. Mkoa huo haujaacha kutuma vijana masomoni wakiwa na misiba vifuani mwao, na wengi wamefaulu. Lakini kufaulu kwa wenye nguvu si sababu ya kuwaacha wengine walemewe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na chuo kinachomwita mwanafunzi "mwanafamilia" siku ya kumpokea kinapaswa kuwa ndugu yake siku ya kufiwa. Fomu za kujiunga za mwaka ujao wa masomo zitachapishwa. Nafasi ya mstari mmoja kwa ajili ya namba ile ya simu haikosekani.